Historia ya Kupanga Upauzana wa Kivinjari

Upauzana ni safu ya vitufe iliyo juu ya ukurasa wa kivinjari: kurudi nyuma, kwenda mbele, kupakia upya, na kisanduku cha anwani. Katika Netscape Navigator ya Desemba 1994, safu hiyo ilipangwa na watengenezaji. Mtumiaji aliweza kuchagua kama vitufe vionekane kwa picha, kwa maneno, au kwa vyote viwili. Hata hivyo, mle mlikuwa na vitufe viwili vya thamani kubwa kwa aliyeunganishwa kwa simu ya mezani na kulipia kila dakika: cha kusimamisha na cha picha. Aliyezima picha alisoma maandishi kwanza, kisha akazivuta picha ikiwa tu ukurasa ulimfaa.

Internet Explorer 3 ya mwaka 1996 ilileta pau zenye mshikio wa kuburuta, na toleo la 5, mwaka 1999, likaongeza dirisha la kuchagua vitufe vya kuonyesha. Uhuru huo ulikuwa na gharama zake. Katika migahawa ya intaneti kompyuta moja ilipita mikononi mwa watu wengi kwa siku, na mpangilio wa mteja mmoja ulimkuta mwingine. Programu za bure nazo zilijipachikia pau zao. Kwenye skrini ndogo za wakati ule, pau tatu au nne zilizopandana zilikula nafasi ya ukurasa wenyewe. Ndiyo maana kufuli la upauzana, lililokuja na Windows XP mwaka 2001, lilikuwa jambo la maana.

Hatua kubwa zaidi ilipigwa Septemba 2002, kivinjari cha Phoenix kilipotoka. Baadaye kiliitwa Firebird, na tangu Februari 2004 kinaitwa Firefox. Waliokianzisha, Dave Hyatt na Blake Ross, walitaka kivinjari chepesi kuliko programu kubwa ya Mozilla, na upauzana unaopangika ulikuwamo tangu toleo la kwanza kabisa. Mtumiaji alibofya upauzana kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua amri ya kupanga, na ghala la vitufe likafunguka. Kitufe cha kuchapisha kiliburutwa hadi kando ya anwani. Kisichotakiwa kikarudishwa ghalani. Palikuwa pia na nafasi tupu zinazonyumbuka, za kusukuma vitufe pembeni, na kitufe cha kurudisha mpangilio wa awali kwa aliyevuruga kila kitu. Hicho cha mwisho kiliwapa wengi ujasiri wa kujaribu.

Chrome ya Google, Septemba 2008, ilishika njia nyingine: vitufe vichache, na karibu vyote havihamishiki. Wepesi wake ulivutia, na wenzake wakaiga. Firefox 29 ya Aprili 2014 ilibaki na ukurasa wa kupanga, lakini ikaondoa upau wa chini wa viongezo, yaani programu ndogo za kuongeza uwezo wa kivinjari. Waliouzoea waliurudisha kwa viongezo, mpaka Firefox 57 ya Novemba 2017 ilipoacha kupokea viongezo vya mtindo wa zamani. Hasara hiyo ilikuwa ya kweli: kazi ya miaka ya watu waliojitolea ilikoma kwa toleo moja.

Historia hii haiishii kwenye kompyuta: katika maeneo ya vijijini ya Mkoa wa Pwani nchini Tanzania, kama Vihingo wilayani Kisarawe, kivinjari kinafunguliwa zaidi kwenye simu kuliko kwenye kompyuta. Opera Mini, iliyoenea duniani tangu 2006, ilibana kurasa kwenye seva kabla ya kuzituma, ili bando lisiishe haraka. Kwenye simu za vitufe hapakuwa na kipanya wala nafasi ya kuburuta chochote. Vitufe vya namba vyenyewe ndivyo vilivyoshika kazi ya upauzana. Skrini za simu za kugusa zilipokua, swali likawa dogo lakini la kila siku: kidole gumba kinafika wapi? Firefox ya Android ya Agosti 2020 iliweka upau wa anwani chini na kumwachia mtumiaji kuupandisha juu akipenda. Safari, kivinjari cha iPhone, kilifanya vivyo hivyo Septemba 2021.