Kete za mbao zilizopona vita

Kati yenu wapo waliokimbia na sufuria moja tu, au na ufunguo wa nyumba ambayo haipo tena. Leo nawaletea habari za kitu kingine kidogo: seti za zamani za sataranji, mchezo ambao wengi wetu hapa tunauita kwa Kifaransa échecs, zilizotengenezwa kwa mbao katika Umoja wa Kisovieti.

Mwaka 1941 jeshi la Ujerumani lilipoukaribia mji wa Leningrad, watoto wengi walipakizwa kwenye treni na kupelekwa mbali, mashariki. Mmoja wao alikuwa Boris Spassky, aliyezaliwa mwaka 1937. Alilelewa kwenye nyumba ya watoto mkoani Kirov, na ni katika ukimbizi huo, akiwa na miaka mitano hivi, alipojifunza sataranji. Mwaka 1969 akawa bingwa wa dunia.

Wengine hawakufika mbali. Alexander Ilyin-Genevsky, aliyemshinda bingwa Capablanca mjini Moscow mwaka 1925, aliuawa na mabomu ya ndege Septemba 1941 akiwa majini kwenye ziwa Ladoga, akijaribu kutoka mjini. Ilya Rabinovich alitolewa Leningrad, lakini njaa ilikuwa imekwisha kummaliza. Alifariki mwaka 1942. Mji ule ulizingirwa siku 872. Watu walichoma meza, viti na vitabu ili wapate joto. Basi fikiria: kisanduku cha mbao kilichobaki kabatini mpaka Januari 1944 kilibaki kwa sababu kuna mtu hakukitia motoni.

Kwa nini seti hizi zilikuwa nyingi? Baada ya mapinduzi, serikali iliupeleka mchezo huu jeshini, viwandani na shuleni. Mkuu wake alikuwa Nikolai Krylenko, ambaye naye alipigwa risasi na serikali hiyohiyo mwaka 1938. Seti zilitakiwa ziwe za bei ndogo: kete za kukereza, mara nyingi za mti wa birch, na ubao unaokunjwa ukawa sanduku la kuzihifadhia. Mfalme mara nyingi hana msalaba kichwani. (Kete ambayo Wafaransa huiita mwendawazimu, Warusi huiita tembo. Hapo mimi niko upande wa Warusi.)

Leo wapo watu wanaozitafuta seti hizi na kuzitengeneza upya. Wamezipa majina: moja inaitwa Botvinnik-Flohr, kwa kuwakumbuka wawili waliogawana nafasi ya kwanza Moscow mwaka 1935. Nyingine zinaitwa Mordovia, na zinahusishwa na makambi ya wafungwa ya jimbo hilo. Hizo zinapendwa sana kwa uzuri wake, na sijui kama kila anayezinunua anaifikiria mikono iliyozikereza.

Kazi ya fundi huanza taratibu. Anafuta uchafu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, anarudisha kwa gundi shingo ya farasi iliyovunjika, anabandika kitambaa kipya chini ya kete. Shida ni vanishi na msasa. Ukisugua sana, kete inang'aa kama ya dukani, lakini alama za vidole vya miaka 40 zimekwenda. Mafundi wanabishana sana juu ya hilo. Mimi naona afadhali ibaki na makovu yake.

Kuna jambo moja linalotokea mara nyingi: seti inafika ikiwa na askari mmoja asiyefanana na wenzake, aliyechongwa kwa kisu badala ya yule aliyepotea. Fundi anaweza kukereza mwingine sawasawa kabisa na kumtupa yule wa kisu. Wapo wanaofanya hivyo. Wengine wanamkereza huyo mpya, halafu yule wa kisu wanamrudisha sandukuni pamoja na wenzake.