Barua Inayosomwa na Jirani

Masomo: 2 Wakorintho 3:1-3, Luka 19:1-10



Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba wao wenyewe ni barua, na watu wote wanaisoma. Leo tufungue barua moja iliyoandikwa katika nchi yetu: maisha ya mzee Shalumbo.

Sisi wa Kalemie tunaijua njia ya watumwa ya mashariki. Misafara ilitoka Manyema, ikashuka mpaka Mtowa, ikavuka ziwa kwenda Ujiji, kisha ikaelekea pwani. Lakini kulikuwa na njia nyingine, ya magharibi. Hiyo ilipita katika nchi ya Baluba na Basonge, ikafika Bihé katika Angola, na kutoka pale ikashuka mpaka Benguela. Wengi waliofikishwa pwani ile walipelekwa São Tomé kulima kakao, wasirudi tena. Wasafiri waliopita njia hiyo waliona pingu za mbao zimetupwa kando yake, nyingi sana.

Shalumbo alikuwa Musonge, na katika njia hiyo kazi yake ilikuwa kukamata watu na kuwauza. Huko Angola Injili ikamkuta. Mwindaji wa watu naye akakamatwa, na aliyemkamata ni Kristo.

Mwaka wa 1910 ufalme ulianguka Ureno, na watumwa wengi waliotoka Congo wakapata nafasi ya kurudi kwao. Wengine walikuwa wamejifunza kusoma na kuomba katika misioni za Angola. Walirudi mikono mitupu, lakini na Neno la Mungu moyoni. Mwaka wa 1915 Waingereza wawili Wapentekoste, William Burton na James Salter, walifika Mwanza. Si Mwanza ya Tanzania. Ni ile ya upande wa Malemba-Nkulu. Wale waliokuwa watumwa wakawa watenda kazi pamoja nao. Walijua lugha na desturi, na wamisionere walikuwa bado wanajifunza kusalimia.

Tazameni basi, wapendwa. Katika vijiji vingi watu hawakusoma Injili kwanza katika kitabu. Waliisoma katika mtu aliyeuzwa, ambaye amerudi kwa ndugu zake, na badala ya kudai damu anawaletea habari njema.

Kwa Shalumbo jambo lilikuwa gumu zaidi. Yeye hakuwa tu mtu aliyetendewa mabaya; alikuwa ameyatenda. Mhubiri mgeni anaweza kuficha maisha yake ya zamani. Mwindaji wa watumwa anayerudi kwao anafichaje? Mtoto aliyechukuliwa ana mama, na mama hasahau. Hata hivyo Shalumbo alirudi, akashuhudia, na akasaidia kufungua kazi ya Injili kwa Basonge. Burton aliandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1929, ili watu wajue namna Mungu anavyoweza kumgeuza mtu.

Miaka ikapita. Mwezi wa Novemba 1960, wakati wa vita vya Katanga, wamisionere Teddy Hodgson na Elton Knauf waliuawa katika nchi ya Baluba. Wengine walilazimika kuondoka. Kanisa halikufa. Wachungaji Wakongomani walilichukua mabegani, kwa sababu tangu mwanzo lilikuwa limeandikwa katika watu, si katika majengo ya misioni.

Sasa tujiulize sisi wa Zongwe: barua yetu inasomwa na nani kwanza? Si na mgeni anayetusikia redioni. Inasomwa kwanza na yule ambaye kati yetu naye kuna hesabu ya zamani.

Jimbo letu la Tanganyika limeona vita kati ya Batwa na Baluba. Tangu mwaka wa 2016 vijiji vingi vilichomwa, na maelfu wakakimbilia kambi za kandokando ya Kalemie. Katika viti vya kanisa moja wanaweza kukaa mtu aliyepoteza nyumba na mtu ambaye ndugu yake alishika kiberiti. Wote wawili wanainua mikono na kunena kwa lugha. Je, wakitoka mlangoni wanasalimiana?

Sisemi tusahau waliokufa, wala sheria isifanye kazi yake. Zakayo hakuishia kuimba, alirudisha mali. Basi tuanze na mambo tunayoyaweza. Mutwa akikulimia shamba la mihogo, mlipe sawa na unavyomlipa mwingine, na umlipe siku ile ile. Mkimbizi akija kununua unga, kopo la kumpimia lisiwe na kitako kilichopandishwa. Mtoto wako akiita jirani kwa jina la dharau, mkemee mbele ya jirani huyo, si chumbani. Na kama ni wewe uliyemkosea mtu, usingoje semina ya amani. Mwendee.

Jirani huyo labda hajui kusoma Biblia, na labda redio yake haina mawe. Lakini wewe anakusoma kila asubuhi, unapopita mbele ya mlango wake.

Tuombe: Bwana, uliyemgeuza mwindaji wa watu kuwa mjumbe wako, andika juu yetu pia, na maandiko hayo yasomeke. Amina.