Unaweka redio ya Android kwenye gari la zamani? Linda AC kwanza

Bariadi. Magari mengi madogo yanayopita Bariadi, Maswa na Lamadi yaliletwa nchini yakiwa yameshatumika Japani. Redio zake za zamani zinakamata FM ya megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni za Tanzania zinafika hadi 108. Ndiyo maana wengi wanazitoa na kuweka redio ya Android yenye skrini, ramani, Bluetooth na kamera ya nyuma.

Shida huonekana baadaye. Muziki unapiga safi, lakini AC haiwaki au inapuliza joto. Simiyu hilo si jambo dogo. Kiangazi, ukiingia barabara ya vumbi lazima ufunge vioo, na bila AC gari linageuka tanuri.

Haya ndiyo ya kujua kabla fundi hajashika bisibisi.

1. AC yako inaongozwa na nini?

Kwenye magari kama Toyota IST, AC ina swichi zake chini ya redio. Hapo kubadilisha redio ni kazi nyepesi.

Lakini kwenye Toyota Prius ya kizazi cha pili na baadhi ya Harrier zenye skrini ya kiwandani, mipangilio ya AC iko ndani ya skrini hiyo. Ukiing'oa, umeondoa na swichi za AC. Gari la namna hii linahitaji redio iliyotengenezwa kwa modeli hiyohiyo, pamoja na kiboksi cha canbus kinachotafsiri mawasiliano ya gari.

Ukikosa, iache skrini ya kiwandani. Kama shida yako ni FM tu, kuna kifaa kidogo cha kuongeza masafa kinachochomekwa kati ya antena na redio.

2. Nyaya zisikatwe

Redio nyingi za Android zina waya wa njano wa betri, mwekundu wa swichi ya gari, mweusi wa ethi na wa chungwa wa taa za dashibodi. Rangi za nyaya za kiwandani ni tofauti. Kwenye Toyota nyingi, waya wa kahawia ndio ethi na wa kijivu ndio wa swichi. Fundi anayeunga kwa kubahatisha rangi anaita shoti.

Waya wa taa ukigusa ethi, fyuzi inakatika, na taa za paneli ya AC zinazimika pamoja na za dashibodi. Nunua soketi inayoingiliana na gari lako, ichomekwe bila kukata kitu.

Fyuzi ikikatika, tafuta chanzo. Kuweka kubwa zaidi au kufunga waya juu yake kunaweza kuunguza wayaringi nzima.

3. Usizibe sensa

AC ya kujiendesha yenyewe inapima joto la ndani kupitia kitundu kidogo chenye wavu kwenye dashibodi. Nyuma yake kuna mpira mwembamba unaovuta hewa. Ukichomoka wakati dashibodi inafunguliwa, AC inasoma joto la uongo.

Sensa nyingine ya jua iko juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele. Usiifunike kwa kishikizo cha simu wala zulia la dashibodi.

Nyaya zinazobaki nyuma ya redio zifungwe vizuri. Zikisukumwa ovyo zinaweza kukwamisha vimota vinavyogeuza hewa ya moto na baridi.

4. Lori ni habari nyingine

Fuso nyingi zinazobeba pamba zinatumia volti 24. Redio ya volti 12 ikiungwa moja kwa moja huko inaungua. Inatakiwa kifaa cha kushusha umeme.

5. Jaribu kabla ya kulipa

Kabla ya kazi, washa AC mbele ya fundi: baridi, joto, feni zote, hewa ya usoni na ya miguuni. Rekodi video fupi kwa simu. Kazi ikiisha, rudia vilevile, taa za gari zikiwa zimewashwa na redio ikipiga.

Kisha zima gari na utoe ufunguo. Skrini lazima izimike. Ikibaki inawaka, waya wa swichi umeungwa kwenye umeme wa moja kwa moja, na asubuhi utakuta betri imelala.