Shule ndugu: kujifunza kwa mikono pamoja na watoto wa ng'ambo

Kanisa la ng'ambo linapotuuliza, "Tufanye nini pamoja na shule yenu?", mara nyingi sisi hujibu kwa orodha: madawati, vitabu, mabati. Mahitaji hayo ni ya kweli. Shule zetu tunaziendesha chini ya mkataba wa 1977 kati ya Serikali na makanisa, na tunajua uzito wake. Lakini iko aina nyingine ya ushirikiano, ambamo watoto wa pande mbili hufanya kazi moja, na kila upande humpa mwenzake kitu asichokuwa nacho. Tunaieleza hapa ili wakurugenzi wa shule, komite za wazazi na wachungaji waifahamu kabla ya kuandika barua nyingine ya maombi.

Ilikoanzia

Mwaka 1996, huko Ufaransa, mwanafizikia Georges Charpak, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992, alianzisha kazi iitwayo La main à la pâte pamoja na wenzake Pierre Léna na Yves Quéré. Maana ya jina hilo ni mkono ndani ya unga unaokandwa. Charpak alikuwa ameona huko Chicago, Marekani, watoto wa mitaa maskini wakijifunza sayansi kwa kugusa, kupima na kujaribu, si kwa kunakili ubao tu.

Katika njia hii kila mtoto ana daftari la majaribio. Anaandika anachodhani kitatokea, anajaribu, anachora alichokiona, kisha anaeleza kwa maneno yake mwenyewe. Hapo sanaa na sayansi hukaa pamoja, kwa maana hakuna awezaye kuchora jani vizuri bila kulitazama vizuri.

Ipo pia programu ya GLOBE, iliyoanza Marekani mwaka 1995. Wanafunzi wa nchi zaidi ya 100, Kenya na Tanzania zikiwemo, hupima mvua, joto na maji ya kwao, na kushirikiana matokeo.

Fimbo na kivuli

Tuchukue zoezi moja linalopendwa na shule ndugu. Yapata mwaka 240 kabla ya Kristo, Eratosthenes, mtunza maktaba ya Aleksandria huko Misri, alisikia kwamba mjini Syene, yaani Aswan ya leo, siku moja ya mwaka saa sita mchana jua huangaza hadi chini ya kisima. Siku hiyohiyo Aleksandria kulikuwa na kivuli. Pembe yake ilikuwa sehemu moja ya 50 ya duara zima. Basi mzunguko wa dunia ni mara 50 ya umbali kati ya miji hiyo miwili. Umbali huo ni kama kilomita 800, na jibu ni kama kilomita 40 000, karibu sana na kipimo cha leo.

Shule mbili zinaweza kurudia kazi hiyo tarehe 20 au 21 Machi, au 22 au 23 Septemba. Simamisheni fimbo ya mita 1, iliyonyooka kabisa, juu ya udongo uliosawazishwa. Kuanzia saa 5:30 hadi saa 6:40 mchana, wekeni alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika 5. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri. Chora fimbo na kivuli kwa kipimo kidogo kwenye karatasi, upime pembe. Watoto wasitazame jua kwa macho. Kazi yote iko chini, kwenye udongo.

Siku hizo kivuli cha adhuhuri huko Uvira ni kama sentimita 6, Bukavu 4, Goma 3. Butembo, palipo karibu kabisa na ikweta, hakionekani. Paris, fimbo ileile hutoa kivuli cha mita 1 na sentimita 14, pembe ya digrii 49 hivi. Toka ikweta hadi Paris, ukipima kuelekea kaskazini tu, ni kama kilomita 5 400. Gawanya 360 kwa 49, zidisha kwa 5 400: unakaribia 40 000.

Tazameni sasa nani anamhitaji nani. Mtoto wa Paris hawezi kuona fimbo isiyo na kivuli kwao, maana jua haliji kamwe juu ya kichwa chake. Anamhitaji mtoto wa Butembo. Huyu ambaye amezoea kutajwa katika barua kama mwenye kukosa, leo ndiye mwenye kutoa.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, walimu wa pande zote mbili wapatane wenyewe juu ya kazi na tarehe. Viongozi wakisaini peke yao, kazi hubaki kwenye karatasi.

Pili, tumieni vitu vya hapa: fimbo, kamba, makaa na udongo mwekundu wa kuchorea. Tumewahi kuona mikroskopi iliyotumwa kwa upendo ikikaa sandukuni miaka, kwa sababu hapakuwa na umeme wala mwalimu aliyefundishwa kuitumia. Fimbo haihitaji umeme, na shule ikilazimika kuhama kwa sababu ya vita, inapatikana popote.

Tatu, simu ya mwalimu mmoja yatosha kutuma vipimo na picha za michoro. Picha za nyuso za watoto zisitumwe bila ruhusa ya wazazi, na kamwe zisitumike kuombea pesa.

Madawati tutaendelea kuyaomba, bila aibu. Lakini barua inayofuata iwe na vipimo vya kivuli pia, vilivyoandikwa na watoto wenyewe.