Njumu za Herufi na Amana ya Fundi

Ndugu msomaji, ukiingia katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, utaona mihrabuni maandishi ya Kikufi yaliyochongwa mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Katika mji wa Unguja, milango ya Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, nayo imechongwa aya. Watu wa pwani tangu kale wameipa herufi heshima katika jiwe na katika mbao.

Ama kuchonga ni kazi moja, na kutia njumu ni nyingine. Mchongaji hupunguza ubao hadi herufi isimame. Mtia njumu huikata herufi katika mbao ya rangi moja, akaipachika katika tundu la umbo lile lile kwenye ubao wa rangi nyingine. Huko Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 19 mafundi walitia viti vya enzi njumu za pembe na mfupa, na mji huo huo ulisifika kwa kunakili misahafu. Kalamu na msumeno walikuwa majirani. Na mbali na kwetu, mimbari iliyoanza kutengenezwa Cordoba mwaka 1137, kisha ikapelekwa Marrakesh, ina aya zilizotiwa kwa vipande vya mbao na mfupa.

Katika karne ya 16 mafundi wa Ulaya walianza kutumia msumeno wa ubapa mwembamba kama uzi, uliofungwa katika fremu ya upinde. Siku hizi upo unaoendeshwa kwa mota. Fundi hupanga mbao mbili, ya herufi juu na ya ardhi chini, akatoboa kwa keekee, akapitisha ubapa. Meza huinamishwa digrii chache, ili herufi iwe pana juu na nyembamba chini, ishuke katika tundu lake na kukaza bila ya kuacha mwanya. Ubapa hukata kwa kuinamia upande ule ule tangu mwanzo hata mwisho. Akiugeuza, kipande hulegea. Jicho la mim au la waw hukatwa kabla ya mzunguko wa nje, maana herufi ikishaachana na ubao haishikiki.

Sasa tuitazame Rungwa, mkoani Singida, mbali na bahari. Huko ni nchi ya miombo, na mti wa miombo ujulikanao sana kwa maseremala ni mninga. Moyo wake ni wa hudhurungi, na mbao iliyo karibu na gome ni nyeupe. Basi mti mmoja hutoa herufi na ardhi yake. Tena ukikaushwa vyema hausinyai sana, na njumu haing'oki. Lakini huko ndiko liliko Pori la Akiba la Rungwa, na mti haukatwi ovyo. Wala njumu haihitaji gogo: masalio ya fundi wa milango yanatosha. Je, yafaa aya tukufu ikae juu ya ubao wa wizi?

Msomaji mpenzi, nukta ni kitu kidogo, lakini ndiyo inayotenganisha kha na ha. Khalaqa ni kuumba. Ukiiangusha nukta, imekuwa halaqa, kunyoa nywele. Fundi aliyeharakisha huziba mwanya kwa unga wa mbao na gundi, akapiga msasa, na mnunuzi haoni kitu. Ukija ukavu wa kaskazi ule unga hupasuka, na nukta aliyoibandika juu juu hudondoka. Hapo mwenye nyumba ametundika ukutani neno asilolikusudia, na watoto wake hulisoma kila siku.

Kwa hiyo, unapomwagiza fundi akutilie jina la Mola wako katika ubao, mwulize mti umetoka wapi, kisha mwambie asome kwanza ndipo akate. Nawe fundi, hesabu nukta zako kabla ya kutia gundi. Hiyo ni amana, na amana huulizwa.

Wabillahi taufiki.