Mwaka Mmoja wa Ziada

Kila shule tuliyocheza nayo ilikuwa na mmoja. Yuko fomu tatu, ana ndevu, ana sauti ya makanga wa matatu, na akikupita na mpira unabaki umesimama kama mlingoti. Kwetu alikuwa beki wa kushoto. Tulimwita Mzee, naye aliitika. Alikuwa amerudia darasa la nane mara mbili, na inasemekana mwalimu wa michezo ndiye aliyemtafutia nafasi. Hatukuuliza. Tulikuwa tunashinda.

Miaka hiyo yote nilidhani huo ni ujanja wetu wa kienyeji. Kumbe Marekani ni mpango kamili wa familia, na tena hauvunji sheria.

Kule, mzazi anaweza kumrudisha kijana wake darasa la nane hata kama amefaulu kila somo. Ni hesabu tu. Mwanafunzi akishaingia darasa la tisa, saa inaanza kukimbia: majimbo mengi humpa mihula minane ya kuchezea shule ya upili, basi, na humfungia nje akitimiza miaka 19 kabla mwaka wa masomo haujaanza. Kwa hiyo mwaka wa ziada huibwa kabla ya saa kuwashwa. Kijana anapata miezi 12 ya kurefuka na kunenepa mabega, halafu kocha wa chuo akija kutazama mechi anamwona mtu mzima kati ya watoto. Kinachowindwa ni ufadhili wa masomo, na karo ya vyuo vya huko unaijua. Wenye uwezo zaidi wana njia nyingine: akimaliza shule ya upili, wanamlipia mwaka mmoja zaidi katika shule ya bweni, asome kidogo na acheze sana.

Asiyeulizwa ni mtoto. Marafiki zake wanavuka kwenda shule nyingine, yeye anabaki kufundishwa hesabu zilezile. Na wa mama anayefanya kazi zamu mbili anavuka tu na umri wake, akakutane uwanjani na mwenzake aliyenunuliwa mwaka.

Vyuo vyenyewe ndivyo vilivyofundisha mchezo huu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1937, mchezaji wa Nebraska aliyeitwa Warren Alfson aliomba afanye mazoezi na timu msimu mzima bila kucheza mechi, ili mwaka wake usihesabiwe. Alivaa shati jekundu lisilo na namba. Mpaka leo mchezaji anayewekwa kando hivyo huitwa kwa jina la shati hilo, na kwa miaka mingi kanuni ilikubali: miaka mitano chuoni, misimu minne ya kucheza. Hakuna anayeona aibu.

Sasa tazama yaliyotokea mgeni alipokuja na umri wake.

Mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi jijini Washington, kilitwaa ubingwa wa kandanda wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Hakuna chuo cha weusi kilichokuwa kimewahi kufanya hivyo. Kocha, Lincoln Phillips, alitoka Trinidad, na wachezaji wake wengi walitoka Karibi na Afrika. Uchunguzi ukaanza, na ubingwa ukapokonywa. Kulikuwa na mashtaka kadhaa, lakini moja linanikera hadi leo: mwanafunzi wa kigeni aliyecheza mchezo wake kwao baada ya kutimiza miaka 19 alikatwa mwaka mmoja wa kucheza chuoni kwa kila mwaka huo. Mmarekani aliyecheza klabu mtaani kwao hakukatwa kitu. Howard wakaenda mahakamani. Kufikia 1975 mahakama ya rufaa ilikuwa imekubali kwamba kanuni hiyo inawabagua wageni. Lakini kombe halikurudi, kwa sababu yale mashtaka mengine yalibaki. Phillips na vijana wake walikuwa wameshajibu kwa njia yao: mwaka 1974 walimaliza msimu bila kufungwa mechi hata moja, wakachukua ubingwa tena.

Wakati huohuo, wakimbiaji wetu walikuwa wanamiminika huko. Henry Rono alizaliwa 1952 kule Nandi, na aliposhinda mbio za nyika za vyuo mwaka 1976, akiwa Washington State, alikuwa na miaka 24. Nyuma yake, wa pili, alikuwa Samson Kimobwa, Mkenya mwenzake wa chuo hichohicho. Mwaka 1978 Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Suleiman Nyambui, Mtanzania, naye alikuwa El Paso akizoa mataji huku akikaribia miaka 30. Makocha wa Marekani wakalalamika: hawa ni wanaume, sisi tuna watoto. Mapema miaka ya 1980 kulikuwa na kanuni mpya, safari hii ikimgusa kila mtu: ukishiriki mashindano rasmi baada ya miaka 20 kabla ya kuingia chuo, kila mwaka unahesabiwa. Kwenye karatasi ni usawa. Lakini kijana wa Nandi aliyechelewa kuanza shule kwa sababu ya ng'ombe na karo hakuchelewa kwa mpango, na hakuwa na wa kumshauri lini saa inawashwa.

Sisemi malalamiko yale yalikuwa ya uongo. Miaka sita kati ya mwili na mwili ni mingi, muulize yeyote aliyekabwa na Mzee wetu. Ila miaka sita ya Rono iliitwa tatizo, na mwaka mmoja wa mtoto wa daktari kule Texas unaitwa maandalizi.

Ukifungua orodha ya mabingwa wa kandanda wa vyuo leo, mwaka 1971 bado unasomeka kuwa taji limefutwa.

Na Mzee? Anafundisha watoto mpira mtaani siku hizi. Juzi nilimpelekea mpwa wangu. Kabla hata ya kunisalimia vizuri, aliitisha cheti cha kuzaliwa.