Tumaini Jema: Bandari ya Nuuk na Mchungaji Aliyedhani Amefanya Kazi Bure

Katika usharika mmoja tuliowahi kuuhudumia, vijana walileta ombi kwenye baraza la wazee. Walitaka picha ya mmishonari wa kwanza iondolewe ukutani ofisini. Walisema mtu huyo aliwakataza babu zao ngoma na majina yao, na hawaoni kwa nini aendelee kuwatazama. Mzee mmoja alisimama, machozi yakimlengalenga, akasema kwamba bila mtu huyo yeye asingeijua Injili. Sisi wachungaji tulipotazamwa tutoe neno, hatukuwa nalo. Tuliahirisha ajenda, na hatukuirudia.

Tulikumbuka siku hiyo miaka kadhaa baadaye, mbali sana na nyumbani, katika mji wa Nuuk, makao makuu ya Greenland. Tulikuwa wachungaji wachache tuliokwenda Denmark kwa masomo, tukapata nafasi ya kufika huko mwezi wa Juni, wakati usiku hauingizi giza. Nuuk haufikiki kwa gari. Barabara zake zote huishia milimani au baharini, na anayetaka kwenda mji mwingine hupanda meli au ndege. Mbele ni bahari. Nyuma ni milima ya mawe, na mlima Sermitsiaq, wenye zaidi ya mita 1,200, unaonekana karibu kila unaposimama. Mti wa kukaa chini yake hakuna. Wakazi ni kama 20,000, na wengi wao ni Walutheri kama sisi.

Karibu na bandari ya zamani lipo kanisa kuu, jengo jekundu la mbao lililowekwa wakfu mwaka 1849. Juu ya kilima kilicho karibu nalo imesimama sanamu ya mchungaji aliyevaa joho, na fimbo mkononi. Huyo ni Hans Egede. Wenyeji wanaishi na swali lile lile tulilolikimbia sisi, ila lao limesimama mlimani ambako kila mtu analiona.

Alitafuta watu ambao hawakuwepo

Hans Egede alizaliwa mwaka 1686 kaskazini mwa Norwe, akawa mchungaji katika visiwa vya Lofoten. Huko alisoma habari za Wanorwe wa kale waliohamia Greenland na kujenga makanisa. Habari ya mwisho iliyoandikwa juu yao ni ya harusi iliyofungwa katika kanisa la Hvalsey mwaka 1408. Baada ya hapo, kimya. Egede alijiuliza: je, wapo bado? Nani anawahubiria? Kwa takriban miaka kumi aliomba msaada kwa maaskofu, kwa wafanyabiashara wa Bergen na kwa mfalme aliyetawala Denmark na Norwe. Mkewe, Gertrud Rask, alipinga mwanzoni. Baadaye aliomba juu ya jambo hilo, akakubali, na tangu hapo akawa imara kuliko mumewe.

Walifika tarehe 3 Julai 1721 na watoto wao wanne. Meli yao iliitwa Haabet, yaani Tumaini. Wanorwe wale hawakuwakuta. Walikuta magofu tu. Watu waliokuwepo ni Wainuiti, wawindaji wa sili na nyangumi, wenye lugha ambayo Egede hakuijua hata neno moja.

Hapo angeweza kurudi. Alikuwa ameitwa kwa watu fulani, na watu hao hawapo. Lakini alibaki, akaanza kujifunza lugha. Watoto wake walimtangulia kwa mbali, maana wao walicheza na watoto wenzao. Poul, mwanawe mkubwa, alichora picha za habari za Biblia, na kwa picha hizo baba akajaribu kufundisha. Husimuliwa kwamba walipofika kwenye Sala ya Bwana walikwama: katika nchi isiyo na ngano, mkate wa kila siku ni kitu gani? Wakaona waseme sili. Sisi tunaosali kwa Kiswahili hatuna haja ya kucheka. Watafsiri wetu nao waliona mkate hautoshi, wakachagua neno riziki.

Miaka ya machozi

Mwaka 1728 makazi yalihamishwa kutoka kisiwani hadi bara, mahali ulipo mji leo. Wakapaita Godthåb, yaani Tumaini Jema. Jina lilikuwa zuri, mambo yalikuwa magumu. Mfalme alileta askari na wafungwa ili wawe wakazi, na wengi walikufa kwa kukosa chakula kinachofaa. Mwaka 1731 mfalme mpya aliamuru watu warudi. Egede aliruhusiwa kubaki, akabaki na wachache.

Kisha, mwaka 1733, kijana mmoja Mgreenland alirudi kutoka Copenhagen akiwa na ugonjwa wa ndui. Wainuiti hawakuwahi kuupata, na miili yao haikuwa na kinga. Kambi nzima nzima zilikwisha. Egede na Gertrud waliwapokea wagonjwa nyumbani mwao, wakawalaza, wakawauguza, wakawazika. Gertrud alichoka kabisa, naye akafa mwezi Desemba 1735.

Mwaka uliofuata Egede aliondoka, akiuchukua mwili wa mkewe. Mahubiri yake ya kuaga aliyajenga juu ya Isaya 49:4, pale mtumishi wa Bwana anapolalamika kwamba ametaabika na kumaliza nguvu zake bila faida. Miaka kumi na mitano, waliobatizwa ni wachache, wengi wao wamekufa, na mke yumo jenezani. Mchungaji yeyote aliyewahi kufunga mlango wa kanisa jioni akijiuliza kama kuna aliyesikia, anaielewa hesabu hiyo.

Mbegu ambayo mpandaji hakuiona

Lakini hesabu ya Mungu haikuwa imefungwa. Poul, yule mtoto mchora picha, alikamilisha Agano Jipya kwa lugha ya Kigreenland, likachapishwa mwaka 1766. Mwaka 1845 kilianzishwa chuo Nuuk cha kufundisha makatekista, ambao walikuwa pia walimu. Katika vijiji ambavyo mchungaji alifika mara chache, hao ndio waliosomesha, waliobatiza na waliozika. Sisi tunaojua kazi ya wainjilisti wetu mitaani tunajua maana yake. Mwaka 1994 Greenland ilipata askofu wake tena, baada ya zaidi ya miaka 600, na aliyemfuata mwaka 1995 alikuwa mama Mgreenland, Sofie Petersen.

Lipo tawi jingine linalotufikia sisi moja kwa moja. Mwaka 1731 Mjerumani Zinzendorf alikutana Copenhagen na Wagreenland waliobatizwa, akasikia kwamba kazi ya Egede inataka kufungwa. Mwaka 1733 Wamoravian wa kutoka Herrnhut wakafika Nuuk, wakajenga kituo karibu na mji. Walikaa huko hadi mwaka 1900, kisha wakawakabidhi Walutheri sharika zao. Wakati huo Wamoravian wa Herrnhut walikuwa wamekwisha kufika kwetu pia, kwani mwaka 1891 walianza kazi Rungwe. Ndugu zetu wa Kanisa la Moravian kusini mwa Tanzania na wale wazee wa Greenland walipokea Injili kutoka nyumba moja.

Ngano na magugu

Tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia nusu. Meli iliyomleta Egede ilibeba Injili na bidhaa pamoja. Yeye mwenyewe alishiriki kuanzisha kampuni ya biashara ili safari iwezekane, na nyuma ya biashara ulifuata utawala wa Denmark uliodumu kama ukoloni hadi mwaka 1953. Kwa waganga wa kienyeji, angakkut, alitumia ukali, hata kipigo. Ngoma ya Wainuiti, iliyotumika kuimba furaha na hata kumaliza ugomvi, ilinyamazishwa katika sehemu nyingi. Ndui nayo ilipanda meli zile zile.

Ndiyo maana tarehe 21 Juni 2020, siku ya taifa la Greenland, watu waliamka wakakuta sanamu ya Egede imemwagiwa rangi nyekundu. Wakazi walipigishwa kura: ibaki au iondolewe? Kura zaidi ya 900 zilisema ibaki, 600 zilisema iondolewe. Ikabaki. Lakini kura 600 si kitu cha kupuuzwa. Hao nao ni watoto wa kanisa lile lile.

Jumapili tuliketi katika kanisa jekundu. Hatukuelewa lugha, ila tuliielewa ibada: tulijua lini wanaungama, lini wanakiri imani, lini wanasali Sala ya Bwana. Mama mmoja mzee aliyevaa vazi lake la shanga alitufungulia kitabu cha nyimbo na kutuonyesha mstari kwa kidole. Baada ya ibada tulimuuliza, kupitia mkalimani, anaionaje ile sanamu. Alitazama kilimani kidogo, akasema kwamba Egede aliwaletea Kristo, na aliwaletea pia mambo ambayo Kristo hakumtuma. Akaongeza kwamba yeye humshukuru Mungu kwa la kwanza, na la pili hulisema wazi mbele ya wajukuu.

Hilo ndilo neno tulilolikosa siku ile barazani. Tulidhani lazima tuchague kati ya machozi ya mzee na hasira ya vijana. Bwana wetu alifundisha katika Mathayo 13 kwamba ngano na magugu hukua katika shamba moja. Hakusema magugu tuyaite ngano, wala hakusema shamba lichomwe. Kanisa la Kilutheri hufundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Tukiamini hivyo juu yetu wenyewe, mbona tunashindwa kuamini hivyo juu ya waliotuletea Injili?

Tuliporudi tuliwaandikia wazee wa usharika ule, tukaomba ajenda ifunguliwe tena. Tulishauri picha ibaki, lakini isikae peke yake. Pembeni yake ziwekwe picha za wainjilisti wa kwanza, ambao majina yao wazee wanayajua na vijana hawayajui, na chini yake yaandikwe mema na mabaya bila kuficha. Na siku ya kuzitundika, ngoma ipigwe.

Egede aliondoka akidhani amefanya kazi bure. Alikosea, kwa neema ya Mungu. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba mpandaji si kitu, wala mtia maji. Anayekuza ni Mungu. Neno hilo hutunyenyekeza tunapojisifu, na hutuinua jioni ile tunapofunga mlango wa kanisa tukiwa tumechoka.